Ukoo unasubiri habari zetu za Krismasi, na mpunga umekwenda na maji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne. Naishi upande wa Mlimba, Bonde la Kilombero, ila nimeolewa Rombo. Mume wangu ni wa katikati kati ya wavulana watano. Kihamba cha baba yao, lile shamba la urithi la nyumbani, ni kidogo: kaka mkubwa alipewa upande wa juu wenye kahawa, kitinda mimba akabaki na nyumba pamoja na Mama, kama ilivyo desturi, na wale watatu wa katikati ilibidi watafute kwingine. Mmoja yuko Dar es Salaam, mmoja Kanada, na sisi mwaka 2012 tukahamia huku kwenye mpunga. Tulianza kwa kukodi, baadaye tukaomba ardhi kijijini tukapewa, na ya bondeni tunaendelea kukodi mpaka leo.

Kila Desemba ukoo mzima unakusanyika kwa Mama. Wewe unajua Krismasi ya uchagani ilivyo, mji mzima wa Dar unapanda basi. Sisi hatuendi. Si kiburi, wala si kwamba hatuwakumbuki. Mvua za huku zinashika kuanzia mwishoni mwa Novemba, na sikukuu inatukuta katikati ya kulima, kupiga haro na kumwaga mbegu. Trekta likikupita kwenye zamu yako, mpaka lirudi kwako majirani wote wameshapanda. Kwa hiyo badala ya kwenda, mimi huandika habari za mwaka. Zamani nilikuwa naandika barua naifunga ndani ya mfuko wa mchele, naupeleka kwenye basi. Siku hizi naandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, na kwa vile macho ya Mama yamechoka, mjukuu mmoja anamsomea sebuleni mbele ya wote.

Krismasi iliyopita mume wangu aliongeza picha chini ya habari zangu: magunia yaliyopangwa mpaka kwenye kenchi, na maneno kwamba huku ardhi ipo, ni nguvu zako tu. Kweli ulikuwa mwaka mzuri, tulipata magunia zaidi ya 60. Lakini ile picha imetuletea mambo. Wifi mkubwa akasema sasa tumejaliwa, kwa hiyo ndafu wa sikukuu na bati za jiko la Mama ni zamu yetu. Tulitoa. Shemeji wa Dar naye akaanza kupiga simu: anataka tumshikie eka 20, atatuma hela kidogo kidogo, tumlimie na tumtafutie vibarua.

Sasa mwaka huu, Shangazi. Mwezi wa nne mto ulifurika. Tulikuwa tumepanda mpunga wa aina ya Supa kule bondeni, ulikuwa umeshatoa masuke, na binti yangu mkubwa alikuwa anashinda juu ya dungu na teo lake akiamia ndege. Maji yalikuja usiku. Mzee mmoja jirani yetu, Mndamba, kabila la wenyeji wa bonde hili, ndiye aliyetutoa kwa mtumbwi wake. Yalipopungua tulikuta mstari wa tope kwenye ukuta wa jiko umefika usawa wa kitasa cha mlango, na bondeni mpunga umelala wote, unanuka. Shamba la juu ambako tulikuwa na mpunga wa aina ya SARO 5 lilitupa magunia 9. Bata wote wamekwenda. Kwenye kikoba tunadaiwa hela ya trekta na mbegu ya msimu uliopita. Sisi wenyewe ni wazima, tunakula, watoto wanasoma.

Nimeanza kuandika habari za mwaka na mume wangu amenizuia. Anasema nikiyaandika haya, ndugu watasema tulijitakia, tuliacha migomba tukafuata maji. Yeye anataka niandike hivi: "Tunamshukuru Mungu, mwaka umekuwa wa baraka, mavuno yamekuwa mazuri, tunawatakia Krismasi njema." Basi. Ananiambia habari za njaa haziandikwi, zinasimuliwa uso kwa uso. Mimi ninamheshimu, lakini mkono wangu unakataa kuandika kwamba tumevuna vizuri.

Na kuna jambo lingine linaloniuma. Wifi ameandika kwenye kundi kwamba tusipotokea na mwaka huu, tusitarajie mgawo wetu wa nyama, na kwamba watoto wetu "wameshakuwa Wandamba", hawajui hata kumsalimia bibi yao kwa Kichaga. Binti yangu ameisoma. Alinyamaza, akarudisha simu. Watoto wangu wana furaha huku, wanajua kupiga kafi, wana marafiki, na ninatamani ukoo ulijue hilo bila kuonekana nawadharau wao na mlima wao.

Nisaidie. Niandike ukweli wote, nusu yake, au maneno ya mume wangu? Niombe radhi kwa kutokwenda? Na shemeji wa eka 20 nimjibu nini mbele ya watu?

Mke wa mwana wa katikati, Kilombero


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Poleni na maji, poleni na mpunga, na huyo mzee wa mtumbwi nimemwombea.

Nianze na mumeo, maana naona umemwandika kwa heshima na anastahili. Mwanaume aliyeondoka nyumbani kwa sababu kihamba hakikumtosha anaishi na macho ya kaka zake mgongoni. Kila gunia analovuna ni ushahidi kwamba hakukosea njia, na kila hasara anaiona kama kesi. Hataki uongo kwa sababu ya kupenda uongo. Anaogopa ile sebule: anaogopa mjukuu asome kwa sauti, halafu kaka mkubwa atikise kichwa mbele ya Mama na yeye hayupo kujitetea. Mwambie Shangazi anamwelewa. Mwambie pia kwamba maneno aliyoyachagua hayatamlinda.

Yafuatilie maneno yenyewe. Mkiandika mavuno yamekuwa mazuri, wifi ataandika zamu nyingine kwenye jina lenu, na safari hii mtaitoa wapi? Kwenye yale magunia 9? Shemeji wa Dar ataamini ardhi yenu haina tatizo, atatuma hela yake, atakodi bondeni, na msimu mmoja mto ukimtembelea atauliza kwa nini hamkumwambia. Hapo ndipo ugomvi wa kweli utakapozaliwa, wa hela, kati ya ndugu wa tumbo moja. Habari njema ya uongo hulipwa, na mara nyingi anayelipa ni mtu wa tatu ambaye hakuiandika.

Isitoshe, mnaficha nini? Mvua za msimu ule nchi nzima ilizijua. Mwezi huohuo wa Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, alisimama bungeni akasema watu 155 wamekufa kwa mafuriko na maporomoko ya udongo. Kilombero na Rufiji zilikuwa kwenye taarifa ya habari jioni baada ya jioni. Ndugu zenu wana televisheni. Huyo wa Kanada ana simu. Kila mmoja wao anajua mto ulipita kwenu, na wanasubiri kusikia kama mko salama. Ukiwaandikia kwamba mwaka ulikuwa wa baraka na mavuno mazuri, watajua mmewafungia mlango, na Mama atalala na wasiwasi ambao hawezi kumwambia mtu.

Kwa hiyo andika kweli. Lakini kweli nayo ina namna ya kuandikwa, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Habari za sikukuu zina msomaji mmoja tu wa kweli, na kwenu msomaji huyo ni Mama. Wengine wote wanasikiliza pembeni. Wifi si msomaji wako, usimwandikie hata sentensi moja ya kumjibu, hata kwa fumbo, kwa sababu mafumbo husomwa vizuri zaidi na yule asiyehusika. Mfikirie Mama angekuwa amekaa jikoni kwako kwenye kigoda, angeuliza nini? Angeuliza mwanae anakohoa au hakohoi. Watoto wanakula nini asubuhi. Kanisa liko mbali? Mkubwa amefika darasa la ngapi? Huyo aliyewatoa kwenye maji ni nani, mmemshukuru kwa kitu gani? Hatauliza eka. Hatauliza magunia kabla hajauliza watoto. Mpangilio wako uwe huohuo.

Hasara itaje mara moja, kwa hesabu yake, kisha endelea na safari. Ukiizungushia malalamiko inakuwa ombi la msaada, na ukiificha ndani ya "changamoto" watu wataanza kukisia makubwa kuliko yaliyotokea. Magunia 9 ni magunia 9. Mtu akisikia namba anatulia, anajua mwisho wa jambo uko wapi.

Deni la kikoba usilitie humo kabisa. Ninakwambia hivi kwa sababu nimeona barua nyingi za sikukuu zikiharibiwa na mstari mmoja wa mwisho. Ukiomba mbele ya watu thelathini, kila mmoja anamtazama mwenzake na simu zinawekwa mfukoni. Kama mnahitaji kushikwa mkono, mumeo ampigie yule ndugu wa Kanada peke yake, amtajie kiasi kamili, amwambie ni cha nini na kitarudi baada ya mavuno gani. Wanaume wawili wa katikati waliokosa kihamba pamoja wana mengi ya kuelewana. Akikataa, amekataa faraghani, na Krismasi inabaki Krismasi.

Nimekuandikia mfano. Usiuchukue kama ulivyo, maana wewe una maneno yako na Mama anaijua sauti yako, lakini uone uzito unavyogawanywa:

"Shikamoo Mama. Shikamooni wakubwa wote mliopo hapo nyumbani, na wadogo hamjambo. Sisi huku Mlimba ni wazima, baba, mimi na wajukuu wako wanne, hakuna aliyelala hospitali mwaka huu. Mama, mwezi wa nne mto ulifurika. Maji yaliingia mpaka jikoni na mpunga wa bondeni wote ukaoza. Shamba la juu limetupa magunia 9, ndiyo tunayokula, na chakula cha kutufikisha msimu ujao tunacho. Usiku ule alikuja mzee jirani yetu na mtumbwi, akawatoa watoto kwanza, akarudi kutuchukua sisi. Mungu amzidishie. Tangu siku hiyo watoto wanamwita babu, na kila Jumapili tukitoka kanisani tunapita kwake. Mjukuu wako mkubwa ndiye aliyeshika dungu msimu huu. Huku mpunga ukikaribia kuiva kwelea kwelea huja kama wingu, inabidi mtu akae juu kuanzia alfajiri mpaka jua lizame, na yeye kwa teo ana shabaha kuliko baba yake. Alikuwa na daftari lake huko juu, na shule anafanya vizuri. Sasa hivi tunapanda tena. Mvua imeshika na trekta liko kwetu wiki hii, ndiyo sababu viti vyetu viko wazi hapo mezani. Tunakula sikukuu na nyinyi kwa moyo. Mjukuu wako atakuja kwako likizo ya Juni akae nawe, na sisi wengine tutamfuata tukimaliza kuvuna, Mungu akipenda. Mchele tumeuweka kwenye basi, ni wa shamba la juu, uonje."

Soma hiyo mbele ya mumeo, taratibu, mkiwa wawili. Muulize ni sentensi ipi inayomwaibisha. Nadhani hataipata. Mtu aliyepoteza shamba Aprili na yuko nyuma ya trekta Desemba hahitaji kutetewa na mtu. Akisema neno fulani litoke, litoe. Habari hizi ni zenu wawili.

Umeona sikuweka radhi. Mkulima haombi radhi kwa kupanda, na watu wa Rombo ni wakulima, wanaelewa msimu. Kinachowachanganya ni kwamba msimu wenu hauko kama wao. Kule mlimani mgomba uko shambani mwaka mzima, mtu anaweza kuuacha wiki mbili akaukuta. Mpunga wa mvua hausubiri. Umewahi kuwaeleza hivyo hata mara moja, kwa maneno mepesi? Wengi wetu tuliohamia mbali tunadhani ndugu wanajua kalenda yetu, kumbe wao wanajua tu kwamba hatukuja. Waeleze mwaka huu, kisha waahidi tarehe mtakayoiweza. Baada ya mavuno mna chakula, mna hela kidogo ya nauli, mabasi ya kaskazini hayagombaniwi kama Desemba, na Mama ana nafasi ya kukaa na mtu akazungumza. Krismasi nyumba ile ina watu hamsini. Ni mara ngapi mkwe amepata saa nzima na mama mkwe wake siku ya tarehe 25?

Na huo mgawo wa nyama, acheni. Asiyekuwepo Mama humwekea kipande kwa namna yake, na hilo halipitishwi na wifi. Mkituma mchele, hata debe moja, mmekaa mezani. Usitume zaidi ya debe moja mwaka huu. Mna midomo sita na magunia 9, na gunia la kilo 100 la mpunga likikobolewa linatoa mchele kama kilo 65 tu. Ukarimu usiwapeleke watoto kwenye dirisha la muuza unga ifikapo Machi.

Sasa hili la "wameshakuwa Wandamba". Hili limenikaa vibaya, na limenikaa vibaya zaidi kwa sababu mtoto amelisoma. Usilijibu kwenye kundi. Kwanza ongea na binti. Mwambie babu wa mtumbwi ni Mndamba, na kwamba nyumbani kwenu kuitwa jina la kabila la mtu aliyewatoa kwenye maji hakuwezi kuwa tusi. Bonde lile lilikuwa na wenyewe, Wandamba, Wapogoro, Wambunga, kabla ya sisi wakuja kufika na majembe yetu, na watoto wenu wanakula leo kwa sababu wenyeji waliwapisha. Ndiyo maana nimemweka yule mzee katikati ya barua. Wifi atasikia habari zake mbele ya Mama, na Mama atamwombea dua kwa sauti. Nadhani baada ya hapo ule utani hautarudi kwa urahisi.

Lakini tukubaliane pia, wifi ana kipande cha haki. Bibi anastahili kusalimiwa kwa Kirombo na mjukuu wake. Hilo halitengenezwi na maneno, linatengenezwa na mtoto kwenda kukaa. Likizo ya Juni mpeleke huyo mkubwa, peke yake, bila wazazi wa kumtafsiria. Akate majani ya ng'ombe, achume ndizi, apike mtori, apelekwe kwa majirani na bibi yake. Akirudi atakuwa na lugha ya kutosha na hadithi zake mwenyewe, na msimu unaofuata habari za mwaka atakusaidia kuandika yeye.

Shemeji wa Dar. Jibu lake lisiwe kwenye kundi wala lisitoke kwako. Ni la mumeo, kwa simu, kabla ya sikukuu, ili shemeji asije akauliza mbele ya watu akalazimika kujibiwa mbele ya watu. Amwambie asitume hela. Amwambie aje mwenyewe. Reli ya TAZARA inatoka huko huko Dar aliko na inasimama Mlimba, hana sababu ya kununua shamba kwa simu. Na aje mwezi wa nne. Watu wengi huja kutazama ardhi ya bondeni Agosti, ardhi imekauka, nyeusi, imenyooka mpaka macho yanaishia, nao wanatoa hela siku hiyohiyo. Aje aione ikiwa na maji. Ile picha ya ukuta wenye mstari wa tope, kama mnayo, mtumieni yeye.

Kuna na upande wa sheria ambao mumeo asije akaubeba kwa niaba ya mtu. Ardhi ya kijiji haishikiwi na ndugu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayogawa, na haiwezi kugawa mpaka mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Mwombaji anajitokeza kwa jina lake. Eka 20 zikiandikwa jina la mumeo kwa hela ya kaka yake, mmeanzisha kesi ambayo watoto wenu ndio watakaoirithi. Vilevile sehemu kubwa ya bonde hilo ni ardhioevu iliyomo tangu 2002 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na kuna maeneo ya hifadhi ambayo kulima hakuruhusiwi hata kama dalali anakuonyesha jani la mpunga limesimama. Shemeji aulize ofisi ya kijiji na ya wilaya mpaka unapita wapi. Na wewe na mumeo, kwa hizo eka mnazokodi bondeni, ulizeni hilohilo kabla hamjamwaga mbegu nyingine.

Nikushauri pia jambo ambalo hukuniuliza. Kama mlipoteza Supa wote kwa sababu ulikuwa bondeni na unachelewa kukomaa, na SARO 5 ya juu ikawaokoa, msiweke mbegu moja mahali pamoja mwaka huu. Mwoneni ofisa ugani wa kata kabla mvua haijakolea. Najua trekta liko mlangoni na hamna muda. Mtafute hata jioni.

Turudi kwenye barua. Picha weka moja tu, ya watoto wote wanne wamesimama kwenye shamba lililolimwa, na huyo mzee akikubali, awe katikati yao. Magunia yasionekane, wala tope. Maandishi yaende kwenye kundi siku ya tarehe 24 asubuhi, kabla wageni hawajajaa na kabla mjukuu msomaji hajatumwa dukani.

Na kwa kuwa Mama hasomi, asipokee habari kubwa namna hii kwa mdomo wa mtoto mbele ya watu wote. Siku moja kabla, mumeo amrekodie ujumbe wa sauti, kwa Kirombo chao, amweleze mwenyewe kuhusu mto, ule mtumbwi na yale magunia 9. Amtumie kitinda mimba na kumwambia ampelekee Mama simu chumbani, amwachie, afunge mlango.